Neno la Siri la Msimamizi na Kompyuta ya Mtumba



Katika majuma ya karibuni swali moja limenifikia mara kwa mara kutoka kwa waamini wetu wa visiwani, nami nimeona afadhali nilijibu hapa kwa wote kuliko kumjibu kila mmoja peke yake. Mtu, au kikundi, amenunua kompyuta ya mpakato ya mtumba huko Bukoba, Mwanza au Kariakoo. Ameivusha ziwa hadi Goziba ikiwa imefungwa vizuri katika mfuko wa nailoni isilowe. Anaiwasha, nayo inamdai neno la siri la msimamizi, neno ambalo yeye hakupewa. Akimpigia muuzaji, simu haipatikani. Ndipo linapokuja swali: "Padre, je, ni halali kumpa fundi alivunje neno hilo?"

Jibu langu fupi ni kwamba ni halali, ikiwa kompyuta ni yako kweli. Lakini jibu fupi halitoshi, kwa sababu kuna jambo la pili ambalo karibu hakuna anayeliuliza: ukishafunguliwa mlango huo, una haki ya kuingia mpaka wapi? Msimamo wangu ni huu, nami nitautetea: anayenunua kompyuta ya mtumba hununua chombo, hanunui siri za mwenye kukitangulia. Kwa hiyo wajibu wake ni kuifuta kompyuta yote na kuanza upya. Hana ruhusa ya kuondoa neno la siri tu, kisha akakaa humo kama mrithi wa kila kilichomo.

Kwa nini jambo hili ni zito Goziba

Ninyi mnaoishi huko hamhitaji kuelezwa, ila wasomaji wetu wa bara pengine hawalifikirii. Goziba ni kata ya Wilaya ya Muleba, kama zilivyo Bumbire, Ikuza, Kerebe na Mazinga, nacho ni kisiwa kilicho mbali sana na mwambao, katikati ya Ziwa Viktoria. Watu wake wanaishi kwa dagaa na sangara. Mkazi wa mjini Bukoba aliyeuziwa kompyuta yenye kufuli anaweza kuirudisha dukani jioni ileile. Mkazi wa Goziba anafikiria nauli ya kwenda na kurudi, siku za kusubiri chombo, upepo wa ziwani, na kazi atakayoiacha. Hasara hiyo huweza kukaribia bei ya kompyuta yenyewe. Ndiyo maana mnunuzi wa kisiwani hushawishika kupokea njia yoyote inayofungua mlango haraka, bila kuuliza maswali.

Jambo la pili ni udogo wa kisiwa. Mjini siri ya mtu asiyejulikana hupotea katika umati. Kisiwani watu wanajuana kwa majina, kwa mitumbwi na kwa madeni. Habari iliyotoka asubuhi kwenye kibanda kimoja, jioni imefika katika mialo yote. Mahali kama hapo, jalada moja lililosomwa na asiyehusika laweza kumfanya mtu ahame.

Neno la siri hulinda nini?

Watu wengi hudhani kwamba neno la siri ni hati ya umiliki: anayelijua ndiye mwenye mali, na asiyelijua ni mgeni. Tukitazama lilikotoka tutaona kwamba sivyo. Maneno ya siri ya kompyuta yalianza kutumika mwaka 1961 katika chuo cha MIT, Marekani, katika mfumo uliosimamiwa na Fernando Corbató. Kompyuta ilikuwa moja, watumiaji walikuwa wengi, na kila mmoja alitaka majalada yake yasisomwe na mwenzake. Hakuna kati ya watumiaji hao aliyeimiliki mashine. Neno la siri liliwekwa ili kuwatenganisha watu walioshiriki chombo kimoja. Tena halikuchukua muda kuvunjwa: mwaka 1962 mwanafunzi mtafiti Allan Scherr, aliyetaka saa nyingi zaidi za kompyuta kuliko alizopangiwa, aliomba mashine impigie chapa jalada lenye maneno yote ya siri, nayo ikampigia.

Hali ya leo haiko mbali sana na hiyo. Katika kompyuta nyingi zenye Windows, neno la siri la mtumiaji wa humohumo haliandikwi kama lilivyo. Hugeuzwa kwa hesabu kuwa alama ndefu, na alama hiyo huhifadhiwa ndani ya diski. Fundi hahitaji kulijua neno lenyewe. Huiwasha kompyuta kwa kutumia kinyonyi, yaani flashi, yenye mfumo mwingine, kisha huifuta ile alama na kuiacha nafasi tupu. Mnorwe Petter Nordahl-Hagen alitengeneza programu ndogo ya kazi hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, naye akaitoa bure. Mafundi wa zamani watakumbuka pia kwamba Windows XP ya nyumbani ilikuwa na msimamizi aliyefichwa ambaye mara nyingi hakuwa na neno la siri kabisa.

Maana yake ni kwamba neno la siri la kawaida ni kama komeo la mlango wa banda. Humzuia mpita njia, lakini vilivyomo ndani havimo katika kasha. Komeo likiondolewa, picha, barua, hesabu na orodha zote za mwenye kutangulia ziko wazi zikisomeka. Ni tofauti pale tu diski yenyewe ilipofungwa kwa maandishi ya fumbo, kama inavyofanya BitLocker, ambayo ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48. Hapo aliyeondoa komeo hakuti kitu cha kusoma, na asiye na ufunguo huo hana njia ila kufuta.

Kwa hiyo fundi anapokwambia kwa fahari, "Nimeiondoa, na kila kitu kimebaki salama," fahamu kwamba hapo ndipo ugumu unapoanza. Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe umeinunua kata pamoja na siri ya mtungi wa mtu mwingine.

Makufuli si ya aina moja

Kabla ya kuendelea, yafaa tutofautishe makufuli, kwa kuwa kila moja linasema neno lake juu ya kompyuta uliyo nayo.

Kufuli la kwanza ni hilo nililolieleza, la mtumiaji aliyesajiliwa ndani ya kompyuta peke yake. Mara nyingi ni usahaulifu wa muuzaji tu.

La pili ni la akaunti ya mtandaoni, ambayo jina lake ni anwani ya barua pepe ya mtu. Hilo hubadilishwa na mwenye anwani, kwa kupokea tarakimu katika simu yake au barua pepe yake. Kujaribu kulibadilisha wewe ni kujifanya mtu mwingine.

La tatu huwekwa chini zaidi, katika kipande cha ubao mama, nalo hudai neno kabla hata Windows haijaanza kuamka. Katika kompyuta za zamani baadhi ya mafundi waliliondoa kwa kuchomoa betri ndogo. Katika kompyuta nyingi za maofisini za miaka ya karibuni njia hiyo haifanyi kazi, na watengenezaji hudai uthibitisho wa umiliki kabla ya kusaidia.

La nne ni la taasisi. Unaifuta kompyuta yote, unaiunganisha na intaneti, nayo inakuonyesha jina la kampuni au shule na kukutaka uingie kama mfanyakazi wake. Kompyuta za Apple nazo zina kufuli linalozifunga kwa akaunti ya mwenyewe hata zikifutwa.

Ukikutana na kufuli la tatu au la nne, simama. Huenda ofisi iliyoiuza haikukumbuka kuitoa katika orodha yake, na hilo hutokea kweli kwa mitumba itokayo ng'ambo. Huenda pia kompyuta iliibwa. Wewe huwezi kujua kwa kuitazama. Anayeweza kukuondolea shaka ni muuzaji, kwa risiti yake, au taasisi yenyewe ukiiandikia na kuitajia namba iliyoandikwa chini ya kompyuta. Anayemlipa fundi avunje kufuli la namna hiyo bila kuuliza, anajinunulia upofu. Mapokeo yetu juu ya amri ya saba ni wazi: kitu cha wizi hurudishwa kwa mwenyewe, hata kama aliyekishika alikinunua kwa jasho lake. Nayo sheria ya nchi inamhesabia kosa mtu anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba imeibwa.

"Padre, si nimeshailipia?"

Hoja hii naisikia mara nyingi, nami siidharau. Mnunuzi ametoa fedha halali, tena fedha ngumu ya usiku wa karabai. Anaona kwamba kila kilichomo ndani ya kompyuta kimo ndani ya bei. Mbona anayenunua koti la mtumba na kukuta noti mfukoni husema ni bahati yake?

Najibu hivi. Hata hiyo noti ya koti tungeijadili, lakini tuiache. Habari za mtu ni kitu cha namna nyingine. Muuzaji hakuwa na uwezo wa kukuuzia, kwa sababu nyingi kati yake hazikuwa zake. Ndani ya kompyuta ya mwalimu mna alama za wanafunzi. Ndani ya kompyuta ya mkopeshaji mna madeni ya jirani zake. Ndani ya kompyuta ya mhudumu wa afya mnaweza kuwa na majina ya wagonjwa. Watu hao wote hawakuwepo sokoni mlipopatana bei. Hakuna aliyewauliza, wala hakuna aliyewalipa.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya kubuni. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao: walinunua diski za mtumba 158, kati yake 129 zikawa zinafanya kazi, na katika hizo ni 12 tu zilizokuwa zimefutwa ipasavyo. Ndani ya nyingine walikuta barua za watu, habari za matibabu na maelfu ya namba za kadi za benki. Diski moja ilionekana kutoka katika mashine ya kutolea fedha. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walinunua nchini Ghana diski ya mtumba kwa dola 40, wakakuta ndani yake nyaraka za mikataba ya kampuni ya Northrop Grumman na idara za serikali ya Marekani. Ikiwa kampuni kubwa ya mambo ya ulinzi siri zake zilikutwa sokoni Ghana, je, zahanati ndogo au ofisi ya kijiji itasalimika?

Tuchukue mfano. Kompyuta iliyokuwa ikitumiwa na mhudumu wa zahanati mahali fulani imeuzwa, ikapita mikono miwili mitatu, ikafika kisiwani. Kijana anayeifungua anakuta jedwali la wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Hana nia mbaya. Anasoma tu majina. Katika orodha analikuta jina la mtu anayemjua, pengine mchumba wa rafiki yake, pengine mama anayemuuzia chakula mwaloni. Tangu dakika hiyo amebeba mzigo asiopaswa kuubeba, na mwenye jina hajui kwamba usalama wake unategemea ulimi wa kijana huyo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 imeamuru usiri wa habari za namna hiyo. Lakini sheria haiwezi kuyaondoa majina katika kichwa cha aliyekwisha kuyasoma. Dawa ya kweli ni kutokuyasoma tangu mwanzo, na njia ya kutokuyasoma ni kufuta.

Sheria nyingine za nchi zinaelekea hukohuko. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwa makusudi na bila haki katika mfumo wa kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka taratibu za kukusanya na kutunza habari za watu. Na sisi Wakatoliki tunayo Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa, inayomkataza yeyote kuharibu bila haki jina jema la mtu au kuvunja haki yake ya kulinda faragha yake. Sikumbushi haya ili kumtisha mtu. Nataka tuone kwamba dhamiri, Kanisa na nchi vinasema jambo moja.

Yafanyike nini kabla ya kupanda chombo

Wapendwa, sehemu kubwa ya taabu hii humalizwa dukani, nusu saa kabla ya fedha kutoka mfukoni. Nawasihi mfuate taratibu zifuatazo.

Kwanza, mwambieni muuzaji aiwashe kompyuta na kuingia yeye mwenyewe mbele yenu. Asiyeweza kuingia katika kitu anachokiuza, basi aeleze kwa nini.

Pili, ajiondoe katika akaunti zake zote, kisha airudishe kompyuta katika hali ya mwanzo kwa kuchagua kuondoa kila kitu. Windows 10 na 11 zinayo nafasi ya ziada ya kuisafisha diski ili majalada yasifufuliwe kirahisi. Huchukua muda mrefu zaidi, lakini ndiyo inayofaa kompyuta inapohamia kwa mtu mwingine.

Tatu, kompyuta iwashwe tena mpaka iulize lugha na nchi, na iunganishwe na intaneti ya simu. Hapo ndipo kufuli la taasisi hujitokeza kama lipo. Kulikuta Kariakoo ni usumbufu mdogo. Kulikuta Goziba ni hasara.

Nne, muuzaji aandike risiti yenye jina lake, namba ya simu, tarehe, bei, na namba ya utambulisho iliyoandikwa chini ya kompyuta. Karatasi hiyo ndiyo hati yenu ya umiliki. Neno la siri haliwezi kuchukua nafasi yake.

Na ninyi mnaouza kompyuta zenu, taratibu hizi zinawahusu kuliko mnunuzi. Kufuta ni wajibu wa mwenye kuondoka, kama vile mpangaji anavyotoa vitu vyake kabla ya kukabidhi ufunguo.

Na ikiwa imekwisha kufika kisiwani

Ikiwa mmekwisha kuinunua, mnayo risiti, na kufuli ni lile la kwanza au la pili, si lazima mtu yeyote avunje kitu. Katika ukurasa ule ule unaodai neno la siri, mnaweza kushikilia kitufe cha Shift huku mkichagua kuiwasha upya, mpaka utokee ukurasa wa utatuzi. Hapo chagueni kuirejesha kompyuta katika hali ya mwanzo, kisha kuondoa kila kitu. Ikiwauliza kama mnataka kupakua Windows kutoka mtandaoni au kutumia iliyomo, chagueni iliyomo, kwani kupakua kunaweza kumaliza gigabaiti 4 za kifurushi chenu. Ikidai ufunguo wa dharura wa diski, mtahitaji mtu mwenye flashi ya kuweka Windows upya. Kazi hii huweza kuchukua saa kadhaa, hivyo msiianze jioni ambapo betri ya sola imechoka. Umeme ukikatika katikati, kompyuta yaweza kubaki bila mfumo wowote.

Wapo watakaosema: "Tukifuta, tunapoteza programu za kuandikia zilizokuja nayo, na huku intaneti ni ghali." Ni kweli, na ugumu huo ni halisi. Lakini LibreOffice ni ya bure na halali, hubebwa katika flashi moja ikahudumia kisiwa kizima. Ukoo wake ndio ule wa OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Programu ya kulipia iliyoachwa ndani ya kompyuta kwa leseni ya ofisi fulani, mara nyingi haikuwa yenu hata mngeiacha.

Swali gumu zaidi ni hili: je, kama kuna kitu ambacho mwenyewe angekililia, kama tasnifu ya mwanafunzi au picha za marehemu? Maoni yangu ni kwamba yafaa kumtafuta kwanza kwa njia ya muuzaji, na kumpa siku chache za kujibu. Ikiwa fundi ameshafungua na jina la mwenyewe linaonekana, litumieni jina hilo kumtafuta, kama ambavyo anayeokota pochi hutazama kitambulisho ili airudishe. Hasomi barua zilizomo ndani yake. Akipatikana, apewe vilivyo vyake. Asipopatikana, futeni bila kupekua.

Msimamizi mpya ni nani?

Nimeliacha mwisho jambo ninaloliona kubwa kuliko yote kwa vikundi vyetu. Kompyuta ikishafutwa, inadai msimamizi mpya. Hapa mara nyingi fundi huandika neno la siri analolipenda yeye, lilelile aliloweka katika kompyuta zote alizozitengeneza, kisha huondoka nalo kichwani. Au katibu wa kikundi huweka la kwake peke yake. Akihama kwenda mwalo mwingine, akiugua, au Mungu akimwita, kikundi kizima kinarudi kwa fundi kuvunja kufuli, na safari hii kinachofutwa ni hesabu za kikundi chenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari limehamia ndani ya kompyuta, na neno la siri lililosahauliwa linaweza kupoteza mali sawasawa na daftari lililoliwa na mchwa.

Lugha yetu imetusaidia kwa kuliita jukumu hili usimamizi. Msimamizi wa mirathi si mwenye mirathi, na akiitumia kama yake watu humshtaki. Vivyo hivyo msimamizi wa kompyuta ya kikundi hushika mamlaka kwa niaba ya wengine. Na ninyi wa vikundi vya kuweka na kukopa mnajua tayari namna ya kuishika amana ya namna hii. Sanduku lenu la fedha lina makufuli matatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu, wala hakuna anayeona amedharauliwa kwa kutoaminiwa peke yake.

Basi fanyeni hivyohivyo. Neno la siri la msimamizi liandikwe katika karatasi, litiwe katika bahasha, bahasha ifungwe na kusainiwa na viongozi watatu, iwekwe ndani ya sanduku. Katibu atengenezewe akaunti ya kawaida ya kazi za kila siku, yenye neno lake mwenyewe. Bahasha ifunguliwe mbele ya wanachama pale tu inapohitajika, kisha neno libadilishwe na bahasha mpya ifungwe. Fundi akimaliza kazi yake alipwe kwa heshima, na neno alilolijua libadilishwe siku hiyohiyo. Nakala ya hesabu iwekwe katika flashi ndani ya sanduku hilohilo. Hakuna katika haya kinachohitaji elimu ya chuo. Yanahitaji kikao kimoja na muhtasari uliosainiwa.

Kwa hiyo, ninyi mnaoniuliza kama ni halali kuondoa neno la siri katika kompyuta ya mtumba, nawajibu tena: thibitisheni kwanza kwamba ni yenu, kisha futeni yote, wala msisome kitu. Mkishafuta, neno jipya mlipe watunzaji wasiopungua watatu. Atakayeuziwa kompyuta yenu siku ya kuichoka naye aikute safi.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki nyote, na awalinde wote walio ziwani usiku huu.